Injini ya Wifi

Kisulisuli alikuwa amebakiza kona moja tu amalize mazoezi ya kupanda mlima kwa gari, taa nyekundu ya oili ikawaka mbele ya macho yake. Siku hiyo alikuwa anakwenda vizuri kuliko siku zote. Watu waliojipanga ukingoni mwa barabara walikuwa wameliona hilo, na yeye mwenyewe alilisikia mwilini, maana gari lilikuwa linageuka pale anapotaka kabla hata hajamaliza kutaka. Hata hivyo hakusubiri aone kama taa itajizimia yenyewe. Alibonyeza swichi, injini ikanyamaza, akaliacha gari litambae mpaka kwenye majani ya kando. Kisha akavua kofia ngumu, akakaa chini akisubiri kuvutwa kwa kamba.

Kule juu, kwenye mstari wa kumalizia, Taratibu alisikia mlio ukikatika. Yeye ndiye aliyeiunda injini ile. Aliikusanya kipande kwa kipande kwenye meza yake ya kazi, akapima kila kitu na kukirudia tena, na tangu iwashwe mara ya kwanza alikuwa anautambua mlio wake katikati ya milio mingine kama mama anavyoitambua sauti ya mwanawe kwenye uwanja wa shule. Ulipokatika, alianza kuteremka kwa miguu.

Hayo bila shaka si majina waliyopewa na wazazi wao. Kisulisuli aliitwa hivyo tangu utotoni kwa sababu hata akitumwa chumvi kwa jirani alikwenda mbio na kurudi mbio, na nusu ya chumvi ikabaki njiani. Taratibu alibandikwa jina lake na wateja waliochoka kusubiri. Alikuwa ameolewa na kaka yake Kisulisuli, kwa hiyo wanawake wale wawili walikuwa mawifi, na walikuwa mawifi kwelikweli. Hawakukosa la kutupiana. Kisulisuli alisema kaka yake alioa spana. Taratibu naye alisema wifi yake angejifunza kufunga mlango polepole, gari lingeishi mara mbili. Lakini tangu waanze kushiriki mbio pamoja, mmoja akiunda na mwingine akiendesha, hakuna mtu wa nje aliyethubutu kumsema mmoja mbele ya mwenzake.

Siku ile watu wa nje walisema. Gari lilipokuwa linavutwa kushuka mlima, mafundi wa timu nyingine walitikisa vichwa. Mmoja alisema bila hata kupunguza sauti, "Presha ya oili ikianguka hivyo ni beringi. Aliyeunda injini ameacha nafasi kubwa mno. Hiyo ni maiti, wakazike."

Taratibu alisikia. Alifungua boneti kana kwamba hakusikia, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakichovya tena na kukitazama. Oili haikupungua. Akarudisha kijiti mahali pake.

"Nimeiua, wifi?" Kisulisuli aliuliza. Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sijui. Usiiwashe tena."

Karakana yao ilikuwa nyuma ya nyumba. Nusu moja ilikuwa ya Taratibu, yenye winchi ya mnyororo na meza ya chuma isiyoruhusiwa kuwekwa kikombe. Nusu nyingine ilikuwa ya mume wake, aliyeshona viti vya magari, na huko kulijaa marobota ya ngozi na sponji. Katikati hapakuwa na ukuta, ila mstari wa rangi sakafuni. Taratibu ndiye aliyeuchora mwaka ule waliooana, baada ya kuokota uzi wa cherehani ndani ya silinda.

Kesho yake alianza kazi. Jambo la kwanza lilikuwa kujua kama taa ilisema kweli, kwa sababu sensa nazo hudanganya. Aliifungua sensa, na kwenye tundu lake akafunga geji yake ya mkono, ile yenye sindano na kioo kilichokwaruzika. Akaiwasha injini kwa muda mfupi. Ikiwa baridi, sindano ilisimama pazuri. Kadiri injini ilivyopata moto sindano ikaanza kulegea, ikashuka, ikashuka tena, mpaka Taratibu akazima mwenyewe kabla haijafika chini kabisa.

Alikuwa ameomba moyoni sensa iwe mwongo. Haikuwa.

Akasimama ameegemea meza, na maneno ya yule fundi mlimani yakamrudia. Beringi ni vile vipande vya chuma laini, vilivyopinda kama maganda, vinavyoikumbatia shafti kuu ya injini. Kati ya ganda na shafti huachwa nafasi nyembamba kuliko unywele, na ndani ya nafasi hiyo ndimo oili hukaa na kubeba mzigo wote. Katika injini hii nafasi hiyo aliiongeza kidogo makusudi, kwa kuwa injini ya mbio hupata moto mwingi na huhitaji oili ipite kwa wingi. Hakukurupuka, alilifikiria hilo siku nyingi. Sasa akajiuliza kama alifikiri au alijidai.

Mume wake alivuka mstari wa rangi, jambo ambalo hakulifanya ovyo.

"Si tuweke oili nzito?" alisema. "Presha itapanda, dada atakimbia mbio zake Jumamosi, kisha utaishusha injini uiangalie kwa nafasi. Mama ameshasikia. Amepiga simu mara mbili."

"Mama amesikia nini?"

"Kwamba injini yako imekufa."

"Haijafa."

"Sijasema mimi, mke wangu."

"Oili nzito ni kumpaka mgonjwa poda," Taratibu alisema. "Sindano itapanda, sawa. Mimi nitakuwa nimeiponya sindano."

Mume hakubisha. Alikuwa mtu wa amani, mwenye mikono mikubwa na subira ya kushona. Akauliza, "Nikusaidie nini?"

"Nishikie taa."

Aliishika taa asubuhi nzima. Taratibu alifungua filta ya oili, akalikata kopo lake pembeni na kuikunjua karatasi ya ndani juu ya meza kama mtu anayetandika kitambaa. Kama beringi zinalika, chuma chake hukwama humo, kikameta kama magamba ya samaki. Alipitisha taa kila mkunjo, akapitisha na sumaku. Hakuna kilichometa.

"Ni vizuri?" mume aliuliza.

"Ni vizuri. Ila sielewi."

Kisulisuli aliingia hapohapo, akafunga mlango kwa kishindo chake cha kawaida. Alikuwa ameshindwa kukaa nyumbani. Taratibu alimvutia kigoda na kuanza kumuuliza maswali, kama daktari anavyomuuliza aliyemleta mgonjwa.

"Asubuhi inawaka vizuri?"

"Baridi, inawaka. Ikiwa ya moto ndiyo inanisumbua. Nazungusha starta mpaka nachoka."

"Tangu lini?"

"Tangu juzijuzi. Ikikubali inatoa moshi mweusi, halafu inatulia."

"Moshi mweusi! Mbona hukuniambia?"

"Wifi, gari la mbio likitoa moshi, mimi nilidhani ni majivuno."

Mume alicheka. Taratibu hakucheka. Alikuwa amegeuka kulitazama gari, na kitu kilikuwa kinampitia kichwani. Alikwenda akachomoa kijiti cha oili kwa mara nyingine. Kule mlimani aliangalia kama oili imepungua. Hakuangalia kama imezidi. Akakileta kijiti kwenye mwanga: oili ilikuwa imevuka alama ya juu, na yeye mwenyewe alipoijaza aliikomesha kwenye alama, hakuzidisha hata tone. Injini hunywa oili. Haijapata kutokea injini ikazaa oili.

Akakisogeza kijiti puani. Akampa Kisulisuli. Kisulisuli akanusa, akakunja uso.

"Petroli."

"Petroli," Taratibu alisema, na kwa mara ya kwanza tangu jana pumzi ilimtoka yote. "Kuna mahali inavuja, inateremka kwenye silinda mpaka chini, inachanganyika na oili. Oili inakuwa nyepesi kama maji ya mchele. Ikipata moto haina nguvu ya kushika presha. Wala si beringi, wifi. Injini inanyweshwa kinywaji kibaya."

"Nani anainywesha?"

"Huyo ndiye tunayemtafuta."

Walizifungua plagi, wakazipanga kwa mfuatano wake. Zote zilikuwa na rangi ya kahawia iliyokauka, isipokuwa ya tatu. Hiyo ilikuwa nyeusi tii, na ilikuwa imelowa. Taratibu akatoa bomba la petroli likiwa na nozeli zake, zile zinazopulizia petroli kwenye silinda, akaliweka juu ya kitambaa cheupe alichokiomba upande wa pili wa mstari, kisha akaiwasha pampu ya petroli bila kuiwasha injini. Nozeli zilitakiwa zikae kimya, zimefunga midomo. Wakainama wote watatu, vichwa vikigusana. Kwenye ncha ya nozeli ya tatu kulitokea kitone. Kikavimba, kikaanguka kwenye kitambaa. Kikaja kingine.

"Haya, mnafiki wewe," Kisulisuli aliiambia nozeli. "Umenikatisha kona yangu."

Waliweka nozeli mpya zote, si ile moja tu. Wakamwaga oili yote iliyoharibika, wakasafisha, wakatia mpya na filta mpya. Jioni ya siku iliyofuata, Taratibu aliiwasha injini akaiacha ipate moto sawasawa. Geji ya mkono ilikuwa imening'inia palepale. Feni ikazunguka, ikazima, ikazunguka tena. Sindano ilitulia pale alipotaka na haikutikisika. Kisulisuli alipiga kigelegele kilichowafanya majirani wachungulie juu ya ukuta, akamkumbatia kaka yake, akamkumbatia na wifi yake, akazunguka gari akicheza.

Ndipo mama mkwe alipoingia.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa mtu aliyesimamia wodi ya wagonjwa miaka mingi, na hakuwa na mazoea ya kufika karakanani. Wote watatu walimsalimia. Aliitikia, akakitazama kiti cha gari kilichokuwa kinasubiri kushonwa, akakikalia.

"Nimesikia kelele nje. Imepona?"

"Imepona, mama!" Kisulisuli alisema. "Ilikuwa nozeli. Wifi amemkamata mwizi kwa mkono."

"Sijakuuliza wewe." Mama mkwe alimgeukia Taratibu. "Mwanangu, mimi mambo ya mashine siyajui. Niambie kitu kimoja. Huyu ataingia humo ndani, apande mlima kwa fujo zake zote. Angekuwa ni wa tumbo lako, ungemwambia aingie?"

Kisulisuli alifungua mdomo, kaka yake akamgusa kiwiko.

Taratibu aliitazama sindano. Ilikuwa palepale, imetulia. Angeweza kusema ndiyo, na kila mtu angeondoka amefurahi. Lakini alijua jambo ambalo wenzake hawakulifikiria: ile oili nyepesi ilikuwa imepita kwenye beringi, na injini ikiwa inakimbizwa kwa nguvu zote. Filta ilisema hakuna kilicholika. Hata hivyo filta ni kusikia tu. Yeye hakuwa ameona.

"Bado, mama," alisema. "Nataka nione kwa macho yangu. Nikishaona nitakujibu."

"Wifi!" Kisulisuli alilipuka. "Kesho kutwa ni mbio! Ukiishusha sampu sasa na ukakuta kitu, hatukimbii!"

"Nikikuta kitu, hatutakiwi kukimbia."

Mama mkwe aliinuka, akajipangusa nguo. "Nitasubiri jibu langu," alisema, akatoka. Alipofika mlangoni alisita kidogo, akaongeza, "Ningekusikia unasema ndiyo haraka, ningeogopa."

Kisulisuli alinuna. Alinuna kwa muda wa kutosha kunywa chai, kisha akarudi, akafunga nywele zake na kulala chini ya gari bila kuambiwa. Waliiinua injini kidogo kwa mnyororo, wakafungua boliti za sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini, wakaishusha. Kisulisuli hakuwahi kuliona tumbo la gari lake. Alilala pale akitazama juu, kwenye shafti nzito iliyong'aa kwa oili.

Taratibu alifungua kifuniko cha beringi ya kwanza. Ganda likatoka. Akalifuta kwa kitambaa na kulisogeza kwenye taa.

Lilikuwa na rangi ya kijivu iliyofifia, sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Akapitisha ukucha wa kidole gumba juu yake, polepole. Ukucha haukukwama popote.

Akafungua la pili, la tatu, akaendelea mpaka la mwisho. Kisha akakata vipande vya uzi laini wa kupimia, akavilaza juu ya shafti, akafunga vifuniko kwa nguvu inayotakiwa na kuvifungua tena, apime uzi ulivyobanwa. Nafasi aliyoikuta ndiyo aliyoiacha siku alipoiunda injini, bila kuzidi wala kupungua. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye tairi, ganda moja likiwa kwenye kiganja. Furaha iliyompanda haikuwa ya kupiga kelele. Ilimjaa kifuani taratibu, kama maji yanavyojaa kwenye mtungi.

Kisulisuli alijitoa chini ya gari, uso mzima umepakaa oili. "Sema basi. Unaniua."

"Shika." Taratibu alimwekea ganda mkononi. "Pitisha ukucha. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Hicho ndicho. Sasa nikwambie. Ungeimalizia ile kona, ungesikia. Ungeimalizia tu, wifi, ile moja. Oili ilikuwa imeisha nguvu, hili ganda lingekuwa limechanika, na shafti pamoja nalo. Nani alikuambia uzime palepale?"

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

"Siku ya kwanza uliyonipa gari. Ulisema taa ile si ya kujadiliana nayo. Nilikuwa nakwenda vizuri, wifi, vizuri mno. Nikaona taa, nikakuona wewe umesimama na uso wako ule wa kupima vitu." Kisulisuli alijifuta pua kwa mgongo wa mkono, akajipaka oili zaidi. "Kona ninaweza kuipata tena. Injini kama hii nitaitoa wapi?"

Walikaa pale chini wakitazama upande mmoja, mpaka mume alipovuka mstari akiwa na sinia la chai, akaona hali ilivyo, akaliweka sinia juu ya meza ya chuma isiyowekwa kikombe. Hakuna aliyemfokea.

Kabla ya kulala Taratibu alimpigia simu mama mkwe. "Mama, jibu lako. Ningemwambia aingie. Ningemfunga mkanda mimi mwenyewe."

"Ahsante, mwanangu," mama mkwe alisema. Kisha Taratibu akasikia upande wa pili akimwambia mtu aliyekuwa naye pale, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike, "Huyo ni mkwe wangu. Ameifungua yote, akaiangalia yote. Hafanyi kazi ya kubahatisha huyo."

Jumamosi mlima ulijaa watu toka chini hadi juu. Taratibu alimfunga Kisulisuli mkanda kama alivyosema, akauvuta mpaka wifi yake akalalamika, akapanda na gari la waandaaji kwenda kusimama kileleni. Mafundi wa siku ile walikuwepo, na mmoja alimpigia saluti ya utani. Alimrudishia.

Gari lilipoondoka chini alilisikia kabla halijaonekana. Mlio ulikuja ukipanda na kushuka kwa kila gia, safi, bila kukwaruza, ukapotea nyuma ya mwamba, ukarudi mkubwa zaidi. Alifumba macho ausikilize vizuri. Kwenye kona ya mwisho mlio haukukatika. Ulinguruma, akafumbua macho, gari likatokea likiwa limelala ubavu kidogo, vumbi nyuma yake, likauvuka mstari.

Kisulisuli alishika nafasi ya pili, nyuma ya gari lenye injini karibu mara mbili ya yao. Muda wake ulikuwa mzuri kuliko wowote aliowahi kupata. Mtangazaji alipomsogezea kipaza sauti na kumuuliza siri yake, alisema, "Siri yangu ina mikono, ile pale imesimama. Ni wifi yangu. Injini ile aliiunda yeye, na watu walisema imekufa. Mmeisikia wenyewe."

Watu walishangilia. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja chini ya mwavuli, hakushangilia. Alikuwa anamwonyesha Taratibu kwa kidole kwa kila aliyekaa karibu naye, na kwa wengine waliokaa mbali.

Mwisho wa mbio, magari yote hushuka mlima kwa msafara, polepole, watu wakiwa wamejipanga pande zote mbili. Kisulisuli alifungua mlango wa dereva, akashuka, akazunguka upande wa pili.

"Ingia," alimwambia Taratibu.

"Wapi?"

"Kwenye usukani. Umeiunda, hujawahi kuonekana nayo."

"Wifi, acha mzaha. Nguo zangu zina grisi."

"Kiti ameshona mumeo, atakiosha mwenyewe. Ingia, msafara unaondoka!"

Taratibu aliingia. Aliurekebisha usukani, akavuta kiti mbele, akatazama kioo cha kati na vya pembeni, kimoja baada ya kingine, Kisulisuli akiugulia kando yake kwa kukosa subira. Kisha akabonyeza swichi. Injini iliwaka mara moja. Aliliingiza gari kwenye msafara, na walipofika penye watu wengi, mtu mmoja akapaza sauti, "Huyo ndiye fundi!" Wengine wakadaka, neno likashuka mlima mbele yao. Taratibu alitoa mkono mmoja kwenye usukani, wenye oili iliyoganda kwenye kucha, akaunyoosha nje ya dirisha juu kabisa, ili waliosimama nyuma nao wauone.